Tarumbeta Kumi na Mbili za Moravia

Katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na kuwekewa makao makuu yake Vwawa, neno "Moravian" ni la kila siku: limo katika vibao vya makanisa na shule, limo katika habari za hospitali ya Isoko wilayani Ileje na ile ya Mbozi Misheni, na hata Tunduma, ambako honi za malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia hufunika karibu kila sauti nyingine, halikosi kusikika siku ya Jumapili. Kwa kuzoeleka huko, wengi hulichukulia kuwa jina la dhehebu tu, ilhali Moravia ni mahali hasa, yaani upande wa mashariki wa Jamhuri ya Cheki, ambao mji wake mkubwa unaitwa Brno. Wakimbizi wa kidini waliotoka huko mwaka 1722 na kujenga kijiji cha Herrnhut katika ardhi ya Ujerumani ndio walioasisi umisionari ambao, baada ya zaidi ya karne moja na nusu, ulifika Rungwe mwaka 1891 na Mbozi mwaka 1899. Na katika mji huo huo wa Brno ndiko alikoishi mtunzi Leoš Janáček, aliyezaliwa mwaka 1854 na kufariki mwaka 1928, ambaye kazi yake iitwayo Sinfonietta, ya mwaka 1926, hudai tarumbeta 12 jukwaani, idadi ambayo hata okestra kubwa za Ulaya hazinayo mpaka ziazime wapulizaji kutoka nje.

Ni kweli kwamba Janáček hakuwa muumini wa Kanisa la Moravian, kwani alilelewa katika Ukatoliki, na undugu uliopo kati ya Sinfonietta na bendi za tarumbeta za makanisa ya Mbozi ni wa ardhi na wa chombo, si wa imani. Hata hivyo, kwa msomaji anayetaka kujua onyesho la okestra la muziki wa mwanzo wa karne ya 20 ni kitu gani, ni vigumu kupata mlango ulio karibu zaidi na Songwe kuliko kazi hii, ambayo huanza bila fidla hata moja, kwa shaba tupu na ngoma.

Neno okestra lenyewe linahitaji kusafishwa kwanza, maana nchini Tanzania liliolewa zamani na muziki wa dansi, na anayelisikia hukumbuka Orchestra Maquis au Orchestra Safari Sound, yaani magitaa, tumba na waimbaji. Okestra inayozungumziwa hapa ni kundi la wapigaji baina ya 70 na 100 ambao hawaimbi, na ambao wamegawanyika katika jamii nne za ala: ala za nyuzi zinazokwaruzwa kwa uta, kuanzia fidla ndogo hadi besi kubwa inayopigwa kwa kusimama, ala za kupuliza zenye asili ya mti, kama filimbi, zumari, klarineti na basuni, ala za shaba, ambazo ni tarumbeta, pembe za kuzunguka, tromboni na tuba, na mwisho ngoma, matoazi na kengele. Wote husoma muziki ulioandikwa, kila mmoja akiwa na karatasi ya sehemu yake peke yake, kiasi kwamba mtu pekee mwenye maandishi ya wote mbele yake ni kondakta, ambaye jina lake lisimpeleke msomaji kwenye daladala, kwani kazi yake inafanana zaidi na ya mwalimu wa kwaya: hupima mwendo, huashiria nani aingie na nani anyamaze, na huamua sauti ipi ipande juu ya ipi.

Kati ya jamii hizo nne, ile ya shaba ndiyo isiyohitaji kutambulishwa Songwe. Tarumbeta ni bomba refu lililokunjwa ili lishikike, na sauti yake haitoki ndani ya bomba bali mdomoni mwa mpulizaji, ambaye hubana midomo na kuitetemesha kwenye kikombe kidogo cha chuma. Bomba huikuza mitetemo hiyo na kuichagulia sauti chache tu linazozikubali kwa urefu wake. Ndiyo maana tarumbeta ya zamani isiyo na vibonyezo, katika sauti zake za chini na za kati, iliweza kupiga sauti za mwito tu, kama baragumu la jeshini, na haikuweza kupita ngazi nzima ya do, re, mi bila kuruka mahali. Vibonyezo vitatu vinavyoonekana leo vilibuniwa Ulaya mwanzoni mwa karne ya 19, na kila kimoja hufungua kipande cha ziada cha bomba ili hewa isafiri njia ndefu zaidi na sauti ishuke. Tromboni haihitaji ujanja huo, kwa sababu mpigaji hurefusha bomba kwa kuusukuma mkono wake mbele na kuurudisha. Watu wa Herrnhut waliipenda tromboni tangu karne ya 18, wakaifanya itangaze misiba kutoka mnarani na kuwaongoza waumini makaburini alfajiri ya Pasaka, na walipotawanyika duniani hawakuziacha ala zao nyuma.

Hapo ndipo inapofaa kutazama kwa makini walichobeba wamisionari pamoja na shaba hiyo, nacho ni kanuni. Muziki wa kanisa walioujua Wajerumani ulikuwa wa sauti nne, zile ambazo kwaya za Tanzania huziita ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, na mwenendo wa sauti hizo ulitawaliwa na sheria zilizokomaa Ulaya katika karne kadhaa. Mojawapo, ambayo kila mwanafunzi wa utunzi huionja kwa kalamu nyekundu, inakataza sauti mbili kwenda sambamba zikiwa zimetengana kwa umbali wa tano, yaani umbali wa kutoka do hadi so: iwapo moja inapanda hatua moja, nyingine isipande nayo kwa kiasi kile kile, kwa kuwa sikio la mwalimu huhesabu kwamba sauti hizo zimepoteza uhuru na kuwa moja. Sheria hiyo ilikuwa na maana katika muziki ulioizaa. Katika Afrika Mashariki, ambako watu wengi waliimba tangu zamani kwa sauti zinazoandamana sambamba kama ng'ombe wawili wa jembe moja, ilikuwa sheria ya wageni, na mwenye kuitilia shaka ajaribu kuisimamisha mbele ya Wagogo, ambao uzuri wa kuimba kwao uko hasa katika tano sambamba na nne sambamba.

Mtaalamu wa Berlin Erich von Hornbostel aliliona jambo hilo mapema, kwa sababu alisikiliza nyimbo za Wanyamwezi zilizokuwa zimerekodiwa kwa fonografu, mashine iliyochora sauti kwenye silinda ya nta, akaandika juu yake mwaka 1909. Miaka mitatu kabla, yaani 1906, fonografu kama hiyo ilikuwa ikizunguka na Mjerumani Karl Weule katika nyika za Lindi, nchi ikiwa bado inanuka moshi wa Majimaji, na mwaka huo huo mtunzi kijana wa Hungaria, Béla Bartók, alianza kuingia vijijini kwao akiwa na mashine ya aina hiyo ili arekodi nyimbo za wakulima. Weule alikuwa akikusanya vitu vya kuweka makumbusho. Bartók alikuwa akitafuta pa kutokea, kwa maana watunzi wa kizazi chake waliona kwamba ngazi mbili za sauti zilizozoeleka Ulaya na sheria za karne zilizopita zimechoka. Claude Debussy wa Ufaransa alikuwa ameshatikiswa na muziki wa Java alioukuta katika maonyesho ya Paris mwaka 1889, na sauti tano zisizo na haraka ya kurudi nyumbani zikaingia katika kazi zake. Igor Stravinsky wa Urusi alikwenda mbali zaidi tarehe 29 Mei 1913, pale Paris, ambapo onyesho la dansi lililopigiwa muziki wake wa kafara ya majira ya kuchipua liligeuka zogo ukumbini, watazamaji wakipiga kelele hadi wachezaji wakashindwa kuisikia okestra. Sehemu kubwa ya kilichowaudhi waheshimiwa wale ni mapigo yasiyolingana, mkazo ukiangukia mahali pasipotegemewa katika mpigo unaorudiwarudiwa, jambo ambalo mpiga ngoma wa kawaida wa Afrika Mashariki asingeliona kuwa sababu ya kugombana.

Kwa hiyo palikuwa na mambo mawili yaliyokwenda kinyume kwa wakati mmoja. Huko Ulaya watunzi walikuwa wakizivunja sheria za hamoni, na wakizivunja kwa kujifunza kutoka kwa wakulima na kutoka mabara mengine. Huku Nyanda za Juu Kusini sheria zizo hizo zilikuwa zikifundishwa kwa watoto wa shule za misheni kana kwamba zilishuka pamoja na amri kumi. Si kila mmisionari aliyekubali. Traugott Bachmann, aliyeishi Mbozi tangu 1899 hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipomwondoa mwaka 1916, na aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kinyiha, alijulikana miongoni mwa wenzake kwa ukaidi wa kutaka mila za Wanyiha zipewe nafasi kanisani, nyimbo zikiwemo. Katika miaka ya 1930 akafuata Franz Ferdinand Rietzsch, mmisionari mwenye elimu ya muziki, ambaye alidai kwamba uimbaji wa wenyeji wa eneo hilo unakaribiana zaidi na muziki wa Ulaya ya zamani sana, ule wa kabla ya sauti nne kupangwa, kuliko na tenzi za karne ya 19. Mawazo yao hayakushinda. Lawama yote isiwekwe juu ya Wazungu, kwa maana Wakristo wengi wenyeji walizipenda tenzi za kigeni kama zilivyo, wakaziona kuwa alama ya maisha mapya, na mtu aliyeambiwa arudie nyimbo alizoaminishwa juzi kuwa za shetani alikuwa na haki ya kustaajabu.

Kilichobaki ni tatizo ambalo kila mwanakwaya wa Kiswahili amewahi kulimeza bila kulipa jina. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na hakitoki katika kawaida hiyo ila kwa maneno machache ya kuazima. Tuni za Kijerumani na za Kiingereza, kinyume chake, mara nyingi huishia kwa pigo zito kwenye silabi ya mwisho, hivyo neno "mwokozi" huimbwa kana kwamba ni "mwokoZI", na "moyoni" huwa "moyoNI", na mtu ambaye angemsahihisha mgeni sokoni kwa kutamka hivyo, kanisani huyaimba hayo hayo kwa moyo mweupe.

Janáček aliijenga kazi yake yote juu ya kukataa jambo hilo. Kicheki kina mkazo wake, ambao huangukia silabi ya kwanza ya neno, na mtunzi huyu aliona kwamba opera, yaani michezo ya jukwaani inayoimbwa, zilizoiga muziki wa Kijerumani zilikuwa zikiitesa lugha ya mama yake. Akaanza kutembea na kijitabu, akinukuu kwa nota jinsi watu wanavyopandisha na kushusha sauti wanapozungumza: wachuuzi, watoto, watu wa stesheni. Aliita maandishi hayo tuni za usemi, na aliamini kwamba mtunzi anayejua sauti ya mtu mwenye hofu inavyopanda hana haja ya kubuni wimbo wa hofu. Tabia hiyo haikumwacha hata siku ya msiba, kwani mwaka 1903, binti yake Olga alipokuwa akikata roho, baba aliandika kwa nota maneno ya mwisho ya mtoto wake. Wapo wanaoona ukatili katika tendo hilo. Wengine huona kwamba mtu hushika alichozoea kushika mikono inapotetemeka. Opera yake Jenůfa, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Brno mwaka uliofuata, iliwekwa kwa kumbukumbu ya Olga.

Sinfonietta, ambayo maana yake ni simfonia ndogo, ilikuja uzeeni, mtunzi akiwa na zaidi ya miaka 70 na nchi yake ikiwa changa. Chekoslovakia ilitangaza uhuru wake tarehe 28 Oktoba 1918, na ni vyema msomaji wa Songwe akumbuke kwamba siku zile zile jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilikuwa likikatiza Nyanda za Juu Kusini kuelekea mpakani, likafika Fife, ng'ambo ya Tunduma ya leo, mwanzoni mwa Novemba, na kusalimu amri Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, tarehe 25 mwezi huo. Vita hivyo vilivyoacha njaa na makaburi ya wapagazi viliacha pia muziki. Ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani ya Kenya kwa kuiga bendi za kijeshi, ilisambaa pamoja na askari na wapagazi hadi Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland na Kongo, ikiwa na vyama vyake vya Marini na Arinoti, vyeo vyake vya kujipachika na gwaride lake. Na mahali ambapo shaba haikupatikana, kama katika mganda wa kando ya Ziwa Nyasa, watu walichonga vibuyu, wakaviziba tundu kwa utando mwembamba wa buibui unaovuma mtu anapoimba ndani yake, wakapata bendi nzima isiyo na chuma.

Sinfonietta nayo ni mtoto wa bendi ya kijeshi. Janáček aliisikia bendi kama hiyo bustanini katika mji wa Písek, ambapo wapulizaji walisimama mmoja mmoja ili kupiga sehemu zao za peke yao, kisha wakakaa, na taswira hiyo ya mtu anayesimama na tarumbeta yake ikamkaa kichwani. Alipoombwa muziki kwa ajili ya tamasha la Sokol, jumuiya kubwa ya michezo ya viungo, alianzia hapo, na kazi ikapigwa Prague tarehe 26 Juni 1926 chini ya kondakta Václav Talich.

Katika onyesho, kinachoonekana kwanza ni safu ya tarumbeta tisa kati ya zile 12, ambazo kwa kawaida hupangwa nyuma au juu ya okestra, zikiwa na tarumbeta besi mbili na tuba tenori mbili. Sehemu ya kwanza kati ya tano ni yao pamoja na timpani, zile ngoma za bakuli la shaba ambazo hukazwa hadi zitoe sauti maalumu. Wengine wote, wenye fidla, filimbi na kinubi, hukaa na ala zao mapajani. Sauti za chini huingia zikienda sambamba, tano juu ya tano, kosa lile lile la kalamu nyekundu, tena bila kujificha, na juu yake tarumbeta hupokezana vipande vifupi ambavyo mwanakwaya anayesoma nota za sol-fa angevitambua haraka kuwa vya do, re, mi, so na la, bila fa wala ti. Hakuna wimbo mrefu unaokua na kufikia kilele kwa namna ya Beethoven. Kuna kipande kinachorudiwa, kikabadilishwa kidogo, kikapokewa na kundi jingine, na msikilizaji aliyezoea mwito na kiitikio hahitaji darasa ili kukifuata. Baada ya dakika mbili au zaidi kidogo shaba hunyamaza.

Sehemu tatu za katikati ni za okestra ya kawaida, na Janáček alizipa majina ya mahali katika Brno: ngome, monasteri ya malkia, barabara. Ngome inayotajwa, Špilberk, ilikuwa gereza lililoogopwa chini ya wafalme wa Austria, lakini muziki wake unacheza. Monasteri ndiko Janáček alikopelekwa mwaka 1865 akiwa mtoto mwimbaji, katika nyumba ile ile ya watawa alimoishi Gregor Mendel, yule wa njegere ambaye wanafunzi wa baiolojia nchini Tanzania humjua kupitia mitihani yao, na ambaye Janáček aliongoza muziki katika mazishi yake mwaka 1884. Hapo nyuzi hushika wimbo mpole, kisha tromboni huukatiza ghafla kwa mapigo makali, halafu upole unarudi kana kwamba hakuna aliyeingia. Ya nne ni fupi, tarumbeta tatu zilizobaki, zile za okestra yenyewe, zikirudiarudia kijisehemu kimoja kwa ukaidi. Ya tano, iliyopewa jina la ukumbi wa mji, huanza kwa filimbi zenye huzuni, ikapanda taratibu hadi zile tarumbeta tisa zinaposimama tena na kuurudisha mwito wa mwanzo, safari hii fidla zote zikitetemesha sauti juu yao. Kazi nzima huchukua kama dakika 25.

Songwe haina okestra ya aina hiyo, lakini njia ya kutoka bendi ya kanisa hadi okestra si ya kufikirika tu, kwani Kinshasa imeshapitiwa: Armand Diangienda, mjukuu wa nabii Simon Kimbangu, aliianzisha Orchestre Symphonique Kimbanguiste mwaka 1994 ndani ya kanisa lililokuwa na desturi kubwa ya bendi za shaba na filimbi, wapigaji wakipokezana fidla chache na kufunga waya wa breki ya baiskeli palipokatika uzi, na leo hupiga kazi za Beethoven na za Carl Orff mbele ya umati. Sehemu ya kwanza ya Sinfonietta haihitaji hata hayo, kwani inataka wapulizaji 13 na mpiga ngoma mmoja, na tarumbeta besi, ambayo ni ala adimu, inaweza kufidiwa kwa tromboni.

Kuna jambo moja tu la ufundi ambalo mpulizaji wa Brno na wa Mbozi wangelizungumza bila mkalimani. Kati ya sehemu ya kwanza na ya tano wale tisa hukaa kimya karibu dakika 20, na shaba iliyokaa bila kupulizwa hupoa, na ikipoa sauti yake hushuka chini ya zile za wenzake; ndiyo sababu, muda mfupi kabla ya kusimama, huonekana wakiinamisha vichwa na kupitisha pumzi ya joto ndani ya bomba bila kutoa sauti. Asubuhi ya Pasaka, kabla jua halijachomoza juu ya makaburi ya misheni na ubaridi wa Mbozi ukiwa umekaa kwenye nyasi, wapiga tarumbeta hufanya vivyo hivyo.